Mgonjwa wa kiharusi halali usiku: maswali na majibu kabla hujamnunulia kidonge

Karibu kila siku ya kliniki nakabidhiwa bahasha ndogo ya kaki. Juu imeandikwa kwa kalamu "1×1 usiku", jina la dawa hakuna, na ndani mna vidonge vya diazepamu, ile ambayo wengi mnaiita Valium. Mgonjwa alipata kiharusi miezi miwili mitatu iliyopita. Halali, kwa hiyo nyumba nzima hailali, wanaomuuguza wamechoka, na mmoja wao kaenda duka la dawa. Uchovu wenu nauelewa. Ila bahasha hizi naomba zikome.

Tunaposema mgonjwa amekosa usingizi, tuna maana gani?

Usingizi unachelewa kuja, au unakatikakatika, au anaamka saa nane za usiku na harudi tena kulala, ingawa ana kitanda na nafasi ya kulala. Na mchana anaathirika: amechoka, ana hasira, mazoezi hayawezi. Ikitokea usiku 3 au zaidi kwa wiki, mleteni. Ikifika miezi 3 tunaita tatizo sugu, lakini msisubiri ifike huko.

Si ni kawaida tu baada ya kiharusi? Atazoea.

Inatokea kwa wengi, hilo kweli. Lakini kuna kitu kinachomwamsha, na mara nyingi kinatibika. Mwili unaojifunza upya kutembea na kusema unauhitaji usingizi kama unavyohitaji chakula. Wanaoniambia "tulidhani atazoea" huwa wameshapoteza miezi ile ya mwanzo ambayo mazoezi yanazaa matunda zaidi.

Kwa nini tusimpe kidonge cha usingizi kwanza, apumzike, halafu tuje?

Hapana. Diazepamu inalegeza misuli. Mtu ambaye mguu mmoja tayari hauna nguvu, akiamka gizani kwenda chooni, anaanguka, na nyonga ya mzee ikivunjika mnajua kinachofuata. Inalegeza na koo, ambalo kiharusi huenda kimeshalidhoofisha: anapaliwa na mate au uji, vinaingia mapafuni, anapata nimonia. Kwa mzee dawa hii inakaa mwilini siku kadhaa, hivyo kidonge cha leo kinakikuta cha jana hakijaisha.

Kuna jingine linalonitisha zaidi. Mtu aliyewahi kupata kiharusi anaweza kupata kingine. Akipatwa usiku huo akiwa amemeza kidonge, mtasema "leo kalala vizuri", mtamfunika shuka, na asubuhi ndipo mtagundua haamki. Saa zile za kumwahisha hospitali zimekwenda.

Basi nusu kidonge? Au Piriton? Au pombe kidogo?

Nusu, hapana. Piriton, hapana: wazee inawachanganya akili na kuwazuia mkojo. Pombe, hapana kabisa. Inapandisha presha, na usiku wa manane inamwamsha yenyewe.

Ameshakunywa diazepamu wiki kadhaa. Tumkatishe leo?

Msimkatishe ghafla, anaweza kupata degedege. Mleteni na hiyo bahasha, tutampunguzia kidogo kidogo.

Kliniki mnampima nini? Kuna mashine?

Zipo mashine za kupima usingizi, lakini kwa wengi kazi kubwa ni maswali na macho. Tuna dodoso la maswali 7 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali alama 0 hadi 4, jumla 28. Akifikisha 15 na kuendelea, tatizo ni la wastani au kubwa. Dodoso hilo linanionyesha ukubwa wa shida. Halinionyeshi sababu, na mgonjwa aliyepoteza kauli hawezi kulijibu. Kwa hiyo baada ya karatasi namgeukia mgonjwa mwenyewe.

Alikuja mzee mmoja na binti yake. Wiki tatu halali, kidonge kimeongezwa mara mbili. Nikamwomba avue shati. Nilipougusa mkono uliopooza tu, uso ulikunjamana na chozi likamtoka. Bega lilikuwa linaning'inia, na kila asubuhi walikuwa wakimwinua kitandani kwa kumvuta mkono huohuo. Usiku akigeuka, analilalia. Tulimpa dawa ya maumivu, tukamwonyesha binti namna ya kumwinua kwa kumshika mgongoni na kumwekea mto chini ya mkono. Alianza kulala. Hakuwahi kuhitaji diazepamu hata siku moja, na kwa wiki tatu hakuna aliyemuuliza wapi panauma.

Mgonjwa wetu hawezi kusema. Mtajuaje?

Mtazameni. Usiku anashika wapi? Anaguna akigeuzwa upande gani? Wengine huniambia anaweweseka, au amepandwa na mashetani, kumbe kibofu kimejaa, au hajapata choo siku sita. Ukimuuliza, uliza maswali ya kujibiwa kwa kichwa au kwa kubana mkono: hapa panauma? Unataka kukojoa? Na mpe muda wa kujibu.

Anakoroma sana. Si ndiyo dalili kwamba amelala?

Hapana, hapana, na narudia kwa sababu hili nalisikia kila wiki. Kaa kando ya kitanda umsikilize. Akikoroma, kisha kimya, ukaweza kuhesabu hadi kumi hajavuta pumzi, halafu akashtuka kama anayekabwa, huyo pumzi inakatika usingizini. Zaidi ya nusu ya waliopata kiharusi hukutwa na tatizo hili. Linaisukuma presha juu usiku, na kiharusi cha pili kinapata njia. Sasa mtu wa namna hii akipewa kidonge kinachomlegeza koo na kumzuia asishtuke, mnamwondolea kilichokuwa kinamwokoa. Mrekodini kwa simu dakika chache mje nayo. Wakati mkisubiri kliniki, mlazeni ubavu, si chali.

Anaamka alfajiri analia, chakula hataki.

Hiyo inaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, inayompata takriban mtu 1 kati ya 3 baada ya kiharusi. Ina dodoso lake na ina matibabu. Tutamuuliza pia kama anatamani kufa. Msituzuie kuuliza, swali halimpi mtu wazo hilo. Na tafadhali msimwambie "jikaze, mbona wenzako wamepona".

Mchana analala tu, usiku macho. Tufanye nini nyumbani?

Mtoeni chumbani! Mmemfungia kwenye pazia zilizoshushwa mnasema apumzike, na usiku mnashangaa. Asubuhi akae nje kwenye mwanga. Usingizi wa mchana uishie nusu saa, kabla ya saa tisa. Chai ya rangi na kahawa ziishie mchana. Aamke saa ileile kila siku. Kama ana dawa ya presha inayomkojoza na anainywa usiku, tuulizeni kama inaweza kuhamia asubuhi. Msiihamishe wenyewe, na msiiache.

Ni lini hatusubiri kliniki?

Usiku huohuo, kama mdomo umekwenda upande, mkono au mguu umelegea upya, kauli imebadilika, anaamshwa haamki vizuri, au kichwa kinamuuma ghafla kuliko kawaida. Hospitali moja kwa moja. Usimpe kidonge, usimpe hata maji ya kunywa.

Tuje na nini?

Dawa zake zote, za hospitali, za dukani na za mitishamba, ndani ya mfuko mmoja. Daftari la wiki mbili: saa aliyopanda kitandani, saa aliyolala, mara ngapi aliamka na kwa nini, saa aliyoamka asubuhi, na usingizi wa mchana. Kama wiki mbili ni ndefu mno kwenu, njooni na siku tatu.

Na aje anayelala naye chumba kimoja. Mara nyingi mgonjwa analetwa na mtoto mwenye gari, ambaye haishi naye. Nikiuliza, "Anakoroma? Anaamka saa ngapi? Bega linamuuma?" najibiwa, "Sijui, sista." Mjukuu anayemgeuza usiku kaachwa nyumbani. Mleteni huyo.