Seneta wa Marekani akiugua akajiuzulu, kiti chake kinaenda kwa nani?

Agosti 2019 seneta wa Georgia, Johnny Isakson wa Republican, alitangaza kwamba anaachia kiti. Parkinson, ule ugonjwa wa neva unaomfanya mtu atetemeke, alikuwa nayo siku nyingi, aliisema hadharani 2015 na bado 2016 akagombea tena na kushinda, lakini mwaka huo wa 2019 alianguka akavunjika mbavu nne, halafu akafanyiwa upasuaji wa kutoa uvimbe kwenye figo, akaona basi inatosha. Barua akampelekea gavana Brian Kemp, siku yake ya mwisho ingekuwa 31 Desemba. Kila likitokea jambo la namna hii tunaulizwa swali moja tu, ataingia nani, na mimi huwa najibu kwa maswali mawili: anaondoka lini, na gavana wa jimbo lake ni nani? Ukishajua hayo mawili hilo lingine karibu linajijibu.

Sheria yenyewe ni fupi. Mwanzoni maseneta walikuwa wanachaguliwa na bunge la jimbo, sio wananchi, na wabunge wakigombana wasielewane basi kiti kinabaki wazi, Delaware ilifika mahali kuanzia 1901 mpaka 1903 haina seneta hata mmoja Washington. Mwaka 1913 yakaja Marekebisho ya 17 ya katiba, kura ikapewa wananchi. Na kuhusu kiti kilichobaki wazi ikaandikwa kwamba gavana aitishe uchaguzi, ila bunge la jimbo linaweza kumruhusu ateue mtu wa kushikilia kwa muda hadi wananchi wapige kura. Hiyo ni kwa Seneti tu. Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, ile nyumba nyingine ya bunge la Marekani, akifa au akijiuzulu hakuna cha kuteua, ni uchaguzi moja kwa moja.

Sasa hapo kwenye "linaweza kumruhusu" ndipo kila jimbo limejipikia lake. Mengi yamempa gavana mamlaka ya kuteua. Oregon, Wisconsin na North Dakota wamekataa, kwao ni uchaguzi tu. Arizona na Wyoming gavana anateua lakini lazima awe mtu wa chama kilekile cha aliyeondoka, hawezi kutumia ugonjwa wa mtu kukipa chama chake kiti cha bure.

Ukitaka kuona siasa zinavyoingia humo ndani angalia Massachusetts, kiukweli ile ni vichekesho. 2004 seneta wao John Kerry anagombea urais, gavana ni Mitt Romney wa Republican, bunge la jimbo limejaa Democratic, wakaona Kerry akishinda tu Romney atamweka mtu wake, wakabadilisha sheria wakamnyang'anya uteuzi. Kerry akashindwa. Miaka mitano baadaye Ted Kennedy, naye wa Democratic, ana saratani ya ubongo, gavana safari hii ni Deval Patrick wa chama chao, na Kennedy mwenyewe akiwa mgonjwa anaandika barua kuomba sheria ibadilishwe tena ili gavana aweze kuteua mtu wa muda! Akafariki Agosti 2009, mwezi uliofuata sheria ikapita, akateuliwa Paul Kirk. Halafu Januari 2010 wananchi wakapiga kura wakamchagua Scott Brown wa Republican. Yaani mbwembwe zote zile ziliwapa miezi michache.

Turudi Georgia maana pale tarehe ilifanya kazi kubwa kuliko yeyote alivyotegemea. Muhula wa Isakson ulikuwa uishe Januari 2023, angeng'ang'ania kiti kingepigiwa kura 2022. Kuondoka mwisho wa 2019 kulimaanisha Kemp anateua mtu, na kura inapigwa Novemba 2020 sambamba na uchaguzi wa rais na wa kile kiti kingine cha seneti cha jimbo hilohilo. Kemp akamteua Kelly Loeffler, mfanyabiashara ambaye hajawahi kugombea chochote, wakati Donald Trump alikuwa anamtaka Doug Collins, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi kutoka Georgia, na wote hao ni wa Republican. Collins hakukubali, akaingia kugombea dhidi ya Loeffler. Na kwa sheria ya Georgia uchaguzi wa kujaza kiti hauna mchujo wa vyama, wagombea wote wanamwagwa kwenye karatasi moja, asipopatikana mwenye zaidi ya nusu wawili wa juu wanarudi duru ya pili. Kura za Republican zikagawanyika, Raphael Warnock wa Democratic akaongoza kwa kama asilimia 33, Loeffler kama 26, na tarehe 5 Januari 2021 Warnock akashinda duru ya pili. Siku hiyohiyo Jon Ossoff akachukua kile kiti kingine, seneti ikawa 50 kwa 50, na kura ya makamu wa rais Kamala Harris, ambayo hupigwa pande mbili zikifungana, ikawapa Democratic uongozi. Chanzo ni barua ya mzee mmoja mgonjwa.

Kuna wanaoipanga tarehe vizuri. Jim Inhofe wa Oklahoma, akiwa na miaka 87, alitangaza Februari 2022 kwamba ataondoka Januari 2023, wananchi wakapata nafasi ya kumchagua Markwayne Mullin Novemba kabla kiti hakijawa wazi, gavana hakuteua mtu.

Na kuna wasioondoka kabisa, na hapa sheria haina meno. Marekebisho ya 25 yanayoeleza rais akishindwa kufanya kazi hayamgusi seneta. Karl Mundt wa South Dakota alipata kiharusi Novemba 1969, hakurudi tena kupiga kura, lakini kiti kilibaki chake mpaka muhula ulipoisha Januari 1973, wenzake walichoweza ni kumtoa kwenye kamati tu. Dianne Feinstein wa California naye 2023 aliugua mkanda wa jeshi akakosekana miezi kadhaa, Democratic wakaomba mwingine amshikie nafasi yake kwa muda kwenye kamati ya sheria, ile inayopitia majina ya majaji, Republican wakakataa, na uteuzi wa baadhi ya majaji ukakwama mpaka aliporudi Mei. Alifariki Septemba mwaka huo akiwa bado seneta. Gavana Gavin Newsom akamteua Laphonza Butler, na Novemba 2024 wapiga kura wa California wakakuta kiti hichohicho mara mbili kwenye karatasi, mara moja kwa wiki chache zilizobaki na mara nyingine kwa muhula mpya wa miaka 6. Adam Schiff alishinda zote mbili.