Kongosho likiugua kwa miaka: maswali ya familia, Lubumbashi

Papa yetu anaumwa tumbo tangu zamani. Daktari anasema ni kongosho. Ndiyo nini?
Kongosho (pankreasi) liko nyuma ya tumbo la chakula. Linatoa maji ya kusaga chakula, hasa mafuta, na pia insulini, homoni ya kushusha sukari katika damu. Likivimba kwa miaka linageuka kovu, pengine na vijiwe ndani, na kovu hilo haliondoki. Maumivu hukaa chini ya chembe cha moyo, hupenya hadi mgongoni, na mara nyingi huzidi baada ya kula.

Mbona vipimo vya damu vilitoka vizuri? Anajifanya?
Hajifanyi. Kongosho lililochakaa halitoi tena amilazi na lipazi nyingi (vimeng'enya vyake vya kusaga chakula, ambavyo maabara hupima), basi damu inaonekana safi. Ekografi nayo huweza kukosa ugonjwa ukiwa mchanga. Skana huona zaidi. Nimechoka kusikia wagonjwa wakiitwa wavivu kwa sababu ya karatasi ya maabara.

Ni lutuku?
Mara nyingi ni pombe, iwe lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, au bia ya chupa. Lakini sigara peke yake huharibu kongosho, na wako wasioonja pombe kamwe: kuna urithi, kuna mafuta kupita kiasi katika damu. Lawama ziacheni, pombe na sigara ndizo ziishe, hata ile glasi ya matanga. Ila anayekunywa kila siku asikate ghafla akiwa nyumbani. Anaweza kupata degedege na kufa, daktari amsimamie.

Ale nini?
Bukari (ugali), samaki, maharagwe, mayai, kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku. Mama wengi huondoa mafuta yote, na mgonjwa anazidi kukonda. Msiyakataze bila ushauri. Choo kikiwa cheupe-cheupe, kinang'aa mafuta na kunuka sana, anahitaji vidonge vya vimeng'enya. Humezwa pamoja na chakula, kuanzia tonge la kwanza, bila kutafunwa. Akivimeza bila chakula, havisaidii kitu.

Na sukari?
Wengi huishia kupata kisukari. Hapo insulini inataka uangalifu, kwani homoni ya kupandisha sukari nayo imepungua. Akitoka jasho, akitetemeka au kuchanganyikiwa, sukari imeshuka: mpeni maji ya sukari mara moja ikiwa anaweza kumeza. Macho ya manjano, homa, au kutapika kusikokoma: hospitali siku hiyohiyo.