Wabeba boksi na kazi zao: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Aliyeondoka na digrii akaenda ughaibuni kubeba boksi, yaani kufanya kazi za mikono zisizohitaji digrii hiyo, ameitupa elimu yake.

Hili ndilo linalosemwa sana vijiweni, na ndilo linaloniudhi kuliko yote. Chukua daktari aliyesoma miaka 5 Muhimbili, akamaliza na mwaka wa intanshipu. Akitua Marekani, cheti chake hakimruhusu kumtibu mtu hata mafua. Atafanya mitihani ya USMLE, ya leseni ya udaktari kule, hatua kwa hatua, kisha aombe nafasi ya mafunzo hospitalini ya miaka 3 au zaidi, akigombea na vijana waliotoka chuoni juzi. Tennessee ilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuwalegezea kidogo madaktari wa namna hiyo, na majimbo mengine yakafuata, ila bado ni safari. Lakini kozi ya CNA, msaidizi wa wauguzi, kwa kiwango cha chini cha sheria ya shirikisho ni saa 75 tu. Na mwenye nyumba anataka kodi yake mwezi huu.

Wengi hawaishii hapo. Zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi asipate vidonda vya kulalia. Dada wa zamu akishamlaza ubavu, akamwekea mto katikati ya magoti, anarudi kwenye kiti cha koridoni na kufungua simu: maswali ya NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi. Siku ya mtihani, kompyuta inaweza kukukatia kwenye swali la 85 ikisharidhika kwamba umefaulu au umefeli, au ikakuburuza mpaka la 150. Ukipita koridoni utasema anachezea simu.

Dhana: Wana uroho wa pesa, ndiyo maana hawakatai zamu.

Uroho upo, binadamu ni binadamu. Lakini uliza kwanza makaratasi yake. Uingereza, mwenye viza ya kazi amefungwa kwa mwajiri aliyemdhamini. Udhamini ukikatika, kwa kawaida ana siku 60 za kupata mwingine au kufungasha. Tangu Machi 2024 wahudumu wapya wa wazee hawaruhusiwi kuja na mwenza wala watoto, na Julai 2025 mlango wa kuwaajiri wapya kutoka nje ukafungwa kabisa. Mtu aliye katika hali hiyo akipigiwa simu Jumapili alfajiri kwamba mwenzake hajatokea, atasema "nakuja" kabla hajafumbua macho vizuri. Mtu huyo huyo akipata ukazi wa kudumu, utamsikia anaulizia ratiba, anahama mwajiri, anajiunga na chama cha wafanyakazi. Tabia haikubadilika, kilichobadilika ni karatasi.

Dhana: Wanawalazimisha watoto wao udaktari kwa ajili ya sifa.

Sifa zimo, tusidanganyane. Ila mzazi ambaye cheti chake kilikataliwa, na ambaye hana mjomba ofisini wa kumpigia simu, huiamini kazi yenye leseni kuliko kazi ya kujuana. Anachosahau ni kwamba mtoto aliyezaliwa kule hana hofu hiyo.

Dhana: Angekuwa na malengo angeshasoma, miaka yote hiyo!

Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na zaidi ya nusu zilitoka Marekani. Sehemu ya fedha hizo hutoka kwenye zamu hizo hizo, na kwa Mtanzania ni vivyo hivyo. Kusoma uuguzi kunataka mtu apunguze zamu. Akipunguza, ada ya mdogo wake Dodoma inakwama. Basi anasema nitaanza mdogo akimaliza kidato cha sita. Mdogo anamaliza, anapata chuo, na nyuma yake yuko mwingine kidato cha pili.