Kubeti mshindi wa hatua kwenye mbio za baiskeli: odi ya 500 maana yake nini?

Mwezi wa Julai, ligi nyingi za mpira za Ulaya zikiwa zimefungwa, mtu akifungua programu ya kubeti kwenye simu hukutana na maneno haya: Tour de France, hatua ya 3, mshindi. Akibonyeza, majina yanashuka na kushuka, hayaishi. Wa juu kabisa ana odi ya 3 na kitu, wa chini ana 500. Aliyezoea mechi, yenye majibu matatu tu, nyumbani, sare au ugenini, anaitazama ile 500 na kupiga hesabu moja kwa moja: nikiweka elfu moja hapa, ni laki tano. Nimeulizwa habari ya hiyo 500 mara nyingi mno, ndiyo maana naieleza kwa utaratibu.

Tuanze na hatua yenyewe. Mbio nyingi kubwa za baiskeli za barabarani haziishi kwa siku moja. Tour de France huchukua wiki tatu, hatua 21, karibu kilomita 3,500 kwa jumla. Kila siku wanaondoka mji huu na kumalizia mji ule, na kila siku kuna anayeuvuka mstari wa kumalizia akiwa wa kwanza. Huyo ndiye mshindi wa hatua. Wakati huohuo kuna shindano jingine linaloendelea humohumo: muda wa kila mwendeshaji hujumlishwa siku hadi siku, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye huvaa jezi ya njano. Hivi ni vitu viwili, na mgeni akivichanganya mkeka wake wa kwanza huchanika. Mwaka 2017 Chris Froome alitwaa Tour nzima bila kushinda hatua hata moja. Mark Cavendish ameshinda hatua 35, rekodi aliyoifikia mwaka 2024 alipompita Eddy Merckx mwenye 34, lakini hajawahi kuwa mtu wa kugombea jezi ya njano hadi mwisho. Milimani yeye alikuwa anapigania kufika tu kabla muda wa mwisho haujapita.

Kwa hiyo kubeti mshindi wa hatua ni kuweka dau kwamba fulani ndiye atakayekuwa wa kwanza kuuvuka mstari siku hiyo, kwenye njia hiyo. Akiwa wa pili kwa unywele, umeliwa. Yapo masoko mengine ya karibu: la tatu bora, na la ana kwa ana, ambapo unachagua kati ya waendeshaji wawili nani atamaliza mbele ya mwenzake, hata kama mmoja ni wa 60 na mwingine wa 90. Hayo yana urahisi wake. Soko la mshindi ndilo linalosumbua, na sababu ya kwanza ni barabara.

Hatua tambarare ni ya masprinta, watu wenye mapaja mazito wanaofichwa ndani ya kundi kutwa nzima, wakatolewa mita 200 za mwisho kumaliza kazi. Hatua ya milima mirefu ni ya watu wembamba. Sprinta huyohuyo wa jana anafika nusu saa nyuma. Katika mbio dhidi ya saa kila mtu anaondoka peke yake, na hiyo ndiyo hatua rahisi kuliko zote kutabiri, kwa sababu hakuna wa kumkinga mwenzake upepo. Halafu ziko hatua za vilima, ambazo hazimo huku wala kule, na hizo ndizo zinazowatesa hata wanaoweka odi. Aliyewahi kufika Kigali anaweza kuielewa barabara ya aina hiyo kwa miguu yake mwenyewe. Apande Kwa Mutwe, ule mwinuko mkali wa mawe unaopita kwenye Tour du Rwanda na uliotumika pia kwenye mashindano ya dunia ya Septemba 2025, kisha ajiulize mtu wa kilo 80 atafanya nini pale baada ya kuendesha saa tano.

Sababu ya pili ni upepo, na hapa naomba tukae kidogo. Anayeendesha nyuma ya mwenzake huokoa theluthi nzima ya nguvu zake au zaidi. Ndiyo maana kuna kundi kuu: watu mia na zaidi wanakingana, wanapokezana mbele, na wanakwenda kasi ambayo mtu mmoja hawezi kuishika kwa muda mrefu. Karibu kila siku wachache huchomoka mapema, wanne au sita, wakaachiwa dakika tatu au tano. Wafaransa wana kanuni ya zamani, yenye jina la Robert Chapatte, aliyekuwa mwendeshaji kisha mtangazaji: kundi likiamua, hurudisha kama dakika moja kwa kila kilomita 10. Wachomokaji wakiwa na dakika tatu na zimebaki kilomita 40, kwa kawaida wameshakamatwa, hata kama wao bado hawajui.

Neno la kuangalia hapo ni kuamua. Kundi halifukuzi bure. Kufukuza maana yake ni watu fulani kukaa mbele, kupigwa na upepo saa tatu, wakachoka, kwa faida ya mtu mmoja wa timu yao. Timu zenye sprinta mzuri zitakubali gharama hiyo siku ya tambarare. Siku ya vilima, kila timu inaitazama nyingine: wewe una mtu wako, vuta wewe. Wakitazamana hivyo kwa dakika kumi, mshindi atatoka miongoni mwa waliochomoka, na jina lake huenda lilikuwa na odi ya 40 au 80 asubuhi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani ana miguu leo, anayejua mchezo huuliza kwanza nani atagharamia kufukuza.

Sasa ile 500. Mwaka 2024 Tour ilianza na waendeshaji 176, timu 22 zenye watu wanane kila moja. Wengi wao hawaendi kushinda, wanakwenda kazini. Utamwona mmoja anarudi nyuma hadi kwenye gari la timu, anapokea chupa za maji moja moja, anazijaza mgongoni ndani ya jezi hadi anakuwa na nundu kama ng'ombe, kisha anapanda tena kilomita nzima kulifikia kundi na kuzigawa kwa wenzake. Akimaliza, anakwenda mbele kuvuta. Zikibaki kilomita 30 anaachia, kazi yake imekwisha, anajikokota polepole hadi mwisho. Huyo ndiye mwenye odi ya 500. Anaweza kuwa na miguu ya ajabu, lakini mkataba wake unasema amfikishe mwingine.

Na hata akifika mbele, bado kuna amri ya timu. Hatua ya 1 ya mwaka 2024, kutoka Florence kwenda Rimini, Frank van den Broek, kijana aliyekuwa kwenye Tour yake ya kwanza, alichomoka mapema. Baadaye kiongozi wake Romain Bardet akaliacha kundi na kumfikia. Van den Broek akavuta na kuvuta, kundi likiwanusa kwa nyuma. Wakafika wawili, sekunde tano mbele, Bardet wa kwanza na kijana pembeni yake, wote wakicheka. Bardet alivaa jezi ya njano kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliyembeti Van den Broek alimwona mtu wake anafanya kazi kubwa kuliko wote, anaufikia mstari kwa muda uleule na mshindi, na hakupata kitu.

Hesabu ya odi nayo ina lake. Gawa 1 kwa odi, unapata uwezekano ambao bei hiyo inaubeba. Odi ya 4 ni asilimia 25. Odi ya 20 ni asilimia 5. Chukua mfano wa kutunga wa hatua tambarare: saba wa juu wana odi za 2.5, 4, 8, 10, 16, 20 na 25. Ukizigeuza unapata 40, 25, 12.5, 10, 6.25, 5 na 4. Jumla ni 102.75. Watu saba tu wameshapita asilimia 100, na bado wako 169. Hata wote wakiwekewa 500, yaani asilimia 0.2 kila mmoja, wanaongeza karibu 34. Jumla inafika 136 na kitu. Kwenye mechi kubwa ya mpira ziada hiyo huwa asilimia chache tu. Kile kinachozidi 100 ndicho chakula cha kampuni, na orodha ikiwa ndefu kinafichika vizuri, kwa kuwa hakuna mtu wa kawaida atakayekaa kujumlisha majina 176. Mbeba maji ambaye nafasi yake halisi ni moja kati ya elfu tano, akiuzwa kwa 500, anauzwa ghali mara kumi. Odi kubwa si odi nzuri. Naliandika hili kwa uzito wote, maana ndipo watu wanapoacha pesa zao.

Upande wa pili, aliye juu ya orodha naye hauzwi rahisi, kwa sababu mchezo huu una kuanguka. Tarehe 1 Julai 2024, hatua ya 3, kilomita 230.8 kutoka Piacenza hadi Torino, ndefu kuliko zote za mwaka ule. Tambarare, siku ya masprinta, na jina lililokuwa midomoni mwa wengi ni Jasper Philipsen, aliyeshinda hatua nne na jezi ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi, mwaka uliotangulia. Nilikuwa naangalia kwenye simu, chaji imebaki kidogo, naiegemeza kwenye kikombe cha chai. Zikiwa zimebaki kilomita mbili na kitu, watu wakaanguka katikati ya kundi. Philipsen akakwama nyuma ya waliolala chini. Mbele wakabaki wachache, na upande wa kulia, akipita karibu kabisa na uzio, akatokea Biniam Girmay wa Eritrea. Akamwacha Fernando Gaviria, akamwacha Arnaud De Lie. Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France, katika mbio zilizoanza mwaka 1903. Nilisimama, kikombe kikamwagika, na sikujali. Baadaye akaongeza hatua ya 8 na ya 12, akamaliza Tour na jezi ya kijani mwilini.

Wapo waliompigia Girmay hesabu asubuhi ile, na walikuwa na sababu: alikuwa na kasi, na njia ndefu yenye kuchosha ilimfaa. Lakini aliyemwekea Philipsen hakukosea kusoma njia. Alikosa kwa jambo lililotokea ndani ya sekunde mbili. Kanuni inasema anayeanguka au kukwama ndani ya kilomita za mwisho, kwa kawaida 3, siku ya tambarare hupewa muda sawa na wa kundi alilokuwemo. Inamlinda mwenye kugombea jezi ya njano. Mwenye kugombea hatua haimpi kitu, na mwenye mkeka wake vilevile.

Mambo ya kulipana yasomwe kwenye kanuni za kampuni kabla ya kuweka dau. Mwendeshaji akianza hatua kisha akajitoa kilomita ya 20, dau limekwenda. Asipoanza kabisa, kampuni nyingi hurudisha pesa, ila si zote. Wawili wakikaribiana mno, picha ya kamera ya mstarini ndiyo huamua: mwaka 2017 huko Nuits-Saint-Georges Marcel Kittel alimshinda Edvald Boasson Hagen kwa milimita 6. Na waamuzi wanaweza kugeuza matokeo dakika chache baada ya mbio. Huko Dijon mwaka 2024 Dylan Groenewegen alimpita Philipsen kwa picha, halafu Philipsen akaondolewa nafasi ya pili kwa kuhama njia yake wakati wa sprinti. Aliyemweka kwenye tatu bora, akashangilia, akazima simu, aliikuta habari nyingine jioni.

Halafu kuna siku ambayo mshindi hayupo kabisa. Tarehe 26 Julai 2019, hatua ya 19, wanaelekea Tignes. Egan Bernal wa Colombia aliwaacha wote kwenye mlima wa Col de l'Iseran na kupita kileleni peke yake. Huko mbele mvua ya mawe ilikuwa imefunika barabara, na tope limeporomoka njiani. Waendeshaji wakasimamishwa wakiwa kwenye mteremko, wengine wakibishana na magari kwa kutoelewa kinachoendelea. Waandaaji wakachukua muda wa pale kileleni. Bernal akapata jezi ya njano, na siku mbili baadaye akaibeba hadi Paris. Lakini hatua ile haikupewa mshindi. Aliyemwekea Bernal alimwona kwa macho yake yuko mbele ya dunia nzima, theluji pembeni mwa barabara. Na beti ya namna hiyo, kwa kawaida, hufutwa na dau likarudishwa kama lilivyokuwa.