Kwa nini laptopu ya zamani haioni Linux iliyo kwenye flashi?

Umepakua faili la ISO (faili moja lenye diski nzima ndani yake) la Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama Windows, ukalinakili kwenye flashi, ukaichomeka na kuwasha laptopu. Windows ileile inafunguka. Faili limo na flashi ni nzima, sasa shida iko wapi?

Laptopu nyingi za kabla ya 2012 huamshwa na BIOS, programu ndogo ya ndani ya mashine inayofanya kazi kabla ya Windows, na BIOS haijui mafaili. Yenyewe husoma baiti 512 za mwanzo kabisa wa diski. Zikiishia na alama ya 55 AA, huendesha programu ndogo iliyomo humo. Zisipoishia hivyo, kwa kawaida hukiacha kifaa hicho na kwenda kwa kinachofuata. Ukinakili ISO kama unavyonakili wimbo, faili hukaa mbele zaidi, na mwanzo wa flashi hubaki ulivyokuwa. Ndiyo sababu tunatumia Rufus au balenaEtcher: programu hizi huiandaa flashi upya tangu baiti ya kwanza. Kila kilichokuwemo hufutika, kwa hiyo hamisha picha zako kwanza.

Katika Rufus, mashine ya BIOS ichagulie MBR, mpangilio wa zamani wa diski. GPT, mpangilio mpya, ni ya UEFI, mfumo uliokuja kuchukua nafasi ya BIOS.

Kuna jambo jingine ambalo huwafanya watu watupe laptopu nzima bure, na linaniuma. Katika BIOS nyingi za zamani, kwenye orodha ya vifaa vya kuwashia, flashi haiorodheshwi peke yake. Huwekwa ndani ya kundi la Hard Drive, pamoja na diski ya laptopu. Lazima ulifungue kundi hilo, uipandishe flashi juu ya diski, kisha uhifadhi. Na flashi iwe imechomekwa kabla hujawasha, la sivyo hutaiona kabisa. Kama laptopu ina tundu la USB la buluu na jeusi, anza na jeusi. BIOS nyingine za zamani haziwezi kuwasha mashine kupitia USB 3, yaani lile la buluu.

Ikianza halafu ikakwama, ikidai prosesa ya x86-64, yaani ya biti 64, flashi haina kosa. Prosesa yako ni ya biti 32, na umepakua Linux ya biti 64. Kati ya aina za Linux, Ubuntu mpya hazitakufaa, wala Debian 13 iliyotoka 2025, maana haina tena kisakinishi cha biti 32. Tafuta Debian 12 iliyoandikwa i386, yaani ya biti 32.