Jinsi navyoisikiliza Thick as a Brick

Kila nikimwekea mtu Thick as a Brick ya Jethro Tull, bendi ya roki ya Uingereza, baada ya dakika kumi lazima aulize, sasa wimbo wa pili unaanza saa ngapi? Hakuna wimbo wa pili. Albamu nzima, ya 1972, ni wimbo mmoja wa dakika 43 hivi, umekatwa katikati kwa sababu tu santuri ina pande mbili. Waliokulia kwenye santuri ndogo za dansi hili wanalijua, unageuza upande wa pili ndo unakutana na chemko, ile sehemu ya kuchezesha, ila hapa kila upande unapita dakika 20.

Mi ni fundi sauti na ninachofanya ni hiki, nalikamata lile gitaa kavu la mwanzoni na siliachii. Ian Anderson, mwimbaji na mpuliza fluti wao, analipiga taratibu huku anaimba kama yuko barazani, fluti inadokoa pembeni, na kwa kama dakika tatu hivi ni utulivu tu. Halafu bendi yote inaingia, kinanda cha Hammond cha John Evan, gitaa la umeme la Martin Barre, dramu za Barriemore Barlow, mapigo yanageuka geuka, na hapo ndo wengi wanapotea. Usihesabu mapigo! Shika ile melodi tu, maana vipande vya mwanzo vinarudi, mara haraka, mara kwa chombo kingine kabisa.

Fluti isikilize kwa hedfoni. Anderson anapuliza huku anaguna na kuimba kooni, kwa hiyo sauti zinatoka mbili kwa pamoja, na pumzi unazisikia zikigonga maiki. Aliyezoea fluti ya okestra ataona ni uchafu, mi naona ndo roho ya rekodi, ningepewa niimiksi nisingekata hata pumzi moja. Kama unaweza, tafuta miksi mpya aliyoifanya mwanamuziki Steven Wilson, ya 2012, besi ya Jeffrey Hammond humo naisikia vizuri zaidi.

Kava lake ni gazeti la kurasa 12, lina habari za kijiji cha kutunga, na linadai mashairi kayaandika mtoto wa miaka 8, Gerald Bostock, kumbe ni Anderson mwenyewe, alichoka kuambiwa albamu yao Aqualung ya 1971 ni hadithi moja ndefu akaamua basi ngoja niwape ndefu kweli.

Dakika za mwisho usiguse simu. Kelele zote zinaisha, linabaki lile gitaa kavu na maneno yaleyale ya mwanzo.