Mtoto mwenye usonji na wenzake: maswali ya wazazi

Je, ni kweli mtoto mwenye usonji hapendi watu?

Si kweli, na dhana hiyo imewaumiza watoto wengi. Usonji (kwa Kiingereza autism) ni hali ya ukuaji inayogusa namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wengine. Mwaka 1979 watafiti wawili wa Uingereza, Lorna Wing na Judith Gould, waliwagawa watoto wenye usonji katika makundi matatu. Wapo wanaojitenga. Wapo wapole, ukiwachezesha wanacheza, ila wao hawaanzishi. Na wapo wanaowaendea watu kwa hamu kubwa, lakini kwa njia isiyozoeleka: anamkumbatia mgeni, anarudia swali lile lile mara kumi, anasimulia habari za treni bila kugundua kuwa msikilizaji amechoka. Huyu wa mwisho ndiye anayesahaulika. Mzazi huambiwa, “Mbona mchangamfu, huyo hana usonji,” na msaada unachelewa. Tena mtoto huyo huyo anaweza kubadilika kadiri anavyokua.

Mbona hanitazami machoni?

Watu wazima wenye usonji wengi wameeleza kwamba kutazamana kunawaelemea, hata wanashindwa kufuata maneno. Kwa hiyo anayetazama pembeni huenda ndiyo anakusikiliza vizuri. Tafadhali usimshike kidevu kumlazimisha.

Dalili gani zinipeleke kwa mtaalamu?

Angalia kidole chake. Watoto wengi, kabla ya kutimiza mwaka mmoja na nusu, huonyesha kitu kwa kidole: ndege yule! Haombi apewe, anataka tu mkione pamoja, kisha anageuka kuangalia kama nawe umekiona. Hilo likikosekana, au asipoitika jina lake, au maneno aliyokuwa nayo yakapotea, mpeleke akapimwe, masikio yakiwemo. Usikubali kuambiwa “atakua tu”.

Nimsaidieje kucheza na wenzake?

Anzia kwenye kile anachokipenda yeye. Akipanga vifuniko mstari, keti naye sakafuni upange chako kando, bila maswali mengi. Siku akikusogezea kimoja, hayo tayari ni mazungumzo. Baadaye mwalike mtoto mmoja tu, si kundi, kwa muda mfupi, kwa mchezo wenye zamu zinazoonekana kama kurushiana mpira. Mweleze mapema nani atakuja, mtacheza nini na mchezo utaishia wapi. Picha humsaidia asiyezungumza.

Yule mwenzake naye afundishwe: mwite jina, msubirie ajibu, usimguse ghafla. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili, kwani wasio na usonji nao hushindwa kuwaelewa wenye usonji. Naamini hapo ndipo tunapokosea zaidi, kumtwisha mtoto mdogo kazi yote ya kutufikia.

Akitaka kukaa peke yake, nimwache?

Mara nyingi ndiyo. Kelele na watu wengi humchosha kuliko wenzake. Wengine, hasa wasichana, hushinda shuleni wakiiga wenzao ili wasionekane tofauti, wakifika nyumbani wanalipuka kwa kilio. Hiyo si jeuri. Mpe utulivu kwanza, maswali baadaye. Lakini chunguza: je, amejitenga apumzike, au wenzake wanamcheka na kumfukuza? Akiwa anafukuzwa, zungumza na mwalimu siku hiyo hiyo.